Koti Jekundu la Mzee Mkubwa

Jumatatu, 24 Novemba

Daftari hili lilikuwa la kuandikia watoto wanaopotea bwawani na kupatikana. Kurasa tatu za mwanzo zimejaa. "Mvulana, bukta ya buluu, amekutwa anakula aiskrimu ya mwenzake." Zilizobaki ni tupu, na mimi nataka pahala pa kuandika, basi nimelichukua. Hakuna atakayeliulizia.

Leo nimerudi kazini. Eda yangu imemalizika Jumamosi. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani pale Kiponda na Mama Gulshan, mama mzazi wa marehemu mume wangu. Shabbir alifariki Julai, asubuhi, kwa moyo, anafunga kamba za viatu. Wenzangu kazini wamenipa pole huku wakinitazama usoni kutafuta machozi. Sina. Sijalia tangu siku ile, na si kwamba najikaza. Ni kama mguu uliokufa ganzi: unajua upo, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Bwana Kurban, meneja wetu hapa Bustani ya Mawimbi, bustani ya michezo ya maji, hakunipa hata nafasi ya kutia mkoba chini. "Zehra, nataka Baba Krismasi wanne. Wenzetu wa mahoteli washapata wao." Nikasema sawa. Mimi ndiye afisa ajira. Nimeshaajiri waokoaji wa bwawa, wakaanga chipsi na mtu wa kuvaa vazi la kasa. Baba Krismasi naye ni mtu ndani ya vazi.

Jumanne, 25 Novemba

Tangazo limebandikwa getini. Mvua ya vuli imelibandua. Tumebandika jingine.

Jumatano, 26 Novemba

Waombaji kumi na mmoja wamepiga simu. Watatu wameuliza kama ni dhambi. Nimewajibu kwamba mimi ni afisa ajira.

Alhamisi, 27 Novemba

Usaili. Tumeketi mimi na Bwana Kurban chini ya paa la mkahawa, mvua inapiga, na kila mwombaji ametakiwa avae ndevu za nailoni na aseme "ho ho ho". Wa kwanza alisema kama anayeswaga ng'ombe. Wa pili alicheka vizuri sana lakini hakuweza kuacha. Borafya, anayeigiza kwenye harusi huko Amani, alijua kazi. Alipiga magoti, akatazama kiti kitupu kama kwamba kina mtoto, akakiuliza kinataka zawadi gani. Nimemwandika.

Wa saba alikuwa mtu mzima, mwembamba, kavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono. Ndevu zake mwenyewe zilikuwa zimemfika kifuani, nyeupe pe. Bwana Kurban aliacha kuandika.

"Shikamoo Mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mie naitwa Mkubwa. Natoka Jambiani, ila sasa nakaa Jang'ombe kwa binti yangu Fathiya."

Alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Nusu ya mapaa ya mahoteli ya pwani ya kule ni mkono wake. Nikamuuliza kwa nini ameacha, akasema miguu imechoka na ngazi. Bwana Kurban akamwomba aseme ho ho ho. Mzee akafikiri kidogo.

"Nimwambie nani?"

"Mtoto, Mzee. Amekuja kukuona."

"Mtoto akija kuniona, mie namuuliza mtoto wa nani."

Bwana Kurban alicheka mpaka akavua miwani. Nikamuagizia mzee chai, akasema amefunga. Kila Jumatatu na Alhamisi hufunga Sunna. Nikamuuliza kama ana shida yoyote na kuvaa vile, kwa upande wa dini. "Nitavaa nguo nyekundu niwachekeshe watoto," akasema. "Sioni nilichomkosea Mungu." Kisha akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini, kwangu mimi tu, kwamba mkwewe Machano ni mtu mwema sana, hajawahi hata kumkunjia uso, "lakini mwanamme kula kwa mkwe kila siku bila ya kuleta hata fungu la mchicha, tonge halishuki."

Fomu yetu ina swali la maradhi. Akasema yeye mzima. Fomu inataka cheti cha daktari. Hakuwa nacho, na mtu wa umri ule humwambii arudi kesho na karatasi kama mwanafunzi. Nikatia alama kwamba kimeletwa. Sikuhisi kitu nilipotia.

Jumatatu, 1 Desemba

Makoti yamefika. Mahameli nzito, yana bitana ndani, yameshonwa na watu wanaojua baridi. Borafya amelijaribu lake kwa dakika kumi na amelivua kama anayetoka kuoga.

Mama Gulshan ameniuliza nimekula nini. Nimesahau nilichokula.

Alhamisi, 4 Desemba

Kibanda cha Baba Krismasi kimekamilika. Theluji ni pamba. Unyevu umeifanya kijivu, na siafu wamehamia.

Jumamosi, 6 Desemba

Tumefungua msimu. Mzee Mkubwa amekuwa wa kwanza kuketi kwenye kiti, maana ndevu zake hazing'oki mtoto akizivuta. Watoto wa watalii walikuwa wakipiga picha na kuondoka. Watoto wa mjini ndio waliojaza foleni. Kila mmoja akipanda kibandani anambusu mzee mkono, kama wanavyofanya kwao, na mzee anamshika bega.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Suhaib."

"Suhaib yupi? Wa Kikwajuni au yule muuza vipuri?"

Hapo ndipo foleni inaposimama. Mama wa mtoto anaitwa aje aeleze. Ikibainika babu yake aliwahi kuezekewa nyumba na Mzee Mkubwa, basi ni habari za babu. Bwana Kurban amenituma nikamwambie aharakishe. Nimekwenda, nimesimama nyuma ya kiti. Alikuwa anamuuliza mtoto wa Kijerumani kwa ishara kama baba yake hajambo. Nimemwacha amalize, nimerudi.

Jumapili, 7 Desemba

Foleni imefika mpaka kwenye maji ya kuteleza.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu. Mvua mchana kutwa. Wageni kumi na wawili. Borafya amelala kibandani juu ya pamba.

Ijumaa, 12 Desemba

Mtu mmoja aliyekuja na wajukuu zake amemtambua mzee chini ya kofia nyekundu na kumwita kwa sauti, "Fundi!" Nilidhani mzee ataona haya. Akasimama, wakakumbatiana. Baadaye akaniambia huyo walicheza naye mpira utotoni, na kwamba tangu alipoacha kuezeka hajaitwa fundi na mtu. Nimemtazama akiwa anasema. Nimejaribu kufurahi kwa ajili yake na nimeona kwamba najua jinsi kufurahi kunavyofanywa, kama mtu anayekumbuka njia ya nyumba aliyohama.

Jumatatu, 15 Desemba

Vuli imekata. Joto.

Jumanne, 16 Desemba

Joto.

Alhamisi, 18 Desemba

Naandika nikiwa nyumbani, baada ya Magharibi. Mama Gulshan yuko jikoni.

Saa saba na nusu mchana nilikwenda chumba cha mavazi kutafuta mkanda. Mzee Mkubwa alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, koti limefunguliwa kifuani, miguu imenyooshwa mbele. Nikadhani anapumzika baada ya sala. Nikamwamkia. Hakunijibu. Alikuwa ananitazama lakini macho yalichelewa kunifikia. Uso ulikuwa mkavu, hakuna jasho hata tone, na hapo ndipo nilipopiga magoti.

"Mzee, una nini?"

"Hapana. Dunia imezunguka kidogo. Itatulia."

"Nikuletee maji?"

"Nimefunga, mwanangu."

Nikampepea kwa kifuniko cha boksi. Baada ya muda fahamu zikamrudia. Nikamuuliza hasa, na kwa kuwa tulikuwa wawili tu akanieleza. Ana presha. Mwaka wa tatu huu. Ngazi aliiacha kwa sababu mara mbili paa lilizunguka naye akiwa juu. Vidonge anavyo, amevifunga kwenye leso mfukoni mwa kanzu, ila siku za kufunga havimezi, na siku nyingine huvimeza nusu ili visimalizike haraka, maana vikimalizika itabidi Machano amnunulie.

"Fathiya anajua?"

"Hajui. Na asijue. Akijua atamwambia mumewe, na mumewe atanifungia ndani nikae nilishwe." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Nisitiri, mwanangu. Krismasi hii tu imalizike. Nisitiri."

Nikasema, "Nitakusitiri, Mzee."

Nilisema upesi, wala sikufikiri. Sisi hatufikiri katika hilo. Mtu akikuomba sitara unampa, kama anavyokuomba maji. Nikamsaidia kufunga vifungo. Saa nane alikuwa kitini, anamuuliza mtoto ni wa nani.

Sasa niandike na lile jingine, maana nikiliacha leo sitaliandika tena. Mwezi wa Machi Shabbir alishika kifua ngazini, hapa hapa nyumbani, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Akaketi. Nikaketi naye. Akasema si mara ya kwanza. Akasema nisimwambie mama yake, maana Mama Gulshan alishamzika mume kwa moyo na hatolala tena. "Nisitiri kwa Mama," akasema. "Duka likitulia nitakwenda Dar kupimwa." Nikasema nitakusitiri. Machi, Aprili, Mei, Juni. Kila usiku nilimsikiliza akipumua, na kila asubuhi nilimmiminia Mama Gulshan chai na kumwambia mwanawe hajambo. Lau ningemwambia, angemburuta kwa sikio mpaka hospitali siku ile ile. Namjua.

Nimemaliza kuandika na nimesubiri nione kama kitatokea kitu. Hakuna. Mama Gulshan ananiita nikale.

Ijumaa, 19 Desemba

Mzee Mkubwa kaja kazini mapema. Kanisalimia kwa furaha, kama tuliokula yamini.

Jumamosi, 20 Desemba

Amevaa koti saa sita mfululizo. Nimemhesabia.

Jumatatu, 22 Desemba

Mwezi wa Rajabu umeandama. Nimemfuata mzee kabla hajavaa.

"Mzee, Alhamisi ndiyo Krismasi yenyewe. Joto kali na watu wengi. Usifunge siku hiyo."

"Nimeshanuia, mwanangu. Alhamisi ya kwanza ya Rajabu, niiache kwa ajili ya picha?"

"Basi Borafya akupokee saa sita."

"Bwana Kurban kanambia watu wanamtaka mwenye ndevu zake." Akanitazama. "Wewe si umeshanipa neno?"

Nikasema nimekupa.

Jumanne, 23 Desemba

Nimepanga zamu za Krismasi. Bwana Kurban ametaka Mzee Mkubwa akae tangu saa nne mpaka saa kumi. Nimeandika jina lake katika kila mstari, mwandiko wangu mzuri, hauna hata doa.

Jumatano, 24 Desemba

Sikulala. Nimehesabu pumzi za mtu ambaye hayupo.

Alhamisi, 25 Desemba

Saa nne asubuhi foleni ilikuwa imeshafika getini. Hakuna upepo. Pamba ya kibandani ilinuka. Nilisimama nyuma ya kiti, pale pale niliposimama siku ya kwanza, na sikuondoka.

Saa tano alipanda mtoto wa kiume mwenye fulana ya njano. "Wewe mtoto wa nani?" "Wa Riaz." "Haya, mwanangu." Mtoto akabusu mkono, picha ikapigwa. Mzee akamwangalia. "Wewe mtoto wa nani?" Mtoto akacheka, akasema wa Riaz. Mpiga picha naye akacheka. Mtoto akashuka, kisha akarudi kuchukua kofia yake aliyoisahau, na mzee akamshika bega kwa upole ule ule. "Wewe mtoto wa nani?"

Mtu asiyesahau babu wa mtu.

Nikaenda kwa Bwana Kurban. Nilimkuta getini anafuta jasho. Nikamwambia mzee anaumwa, atolewe. Akaniuliza, "Mwenyewe kasema?" Nikasema hakusema. "Sasa Zehra, mtu mzima kama yule mie nikamwambie unaumwa, shuka? Nitamvunjia heshima. Akisema mwenyewe, hata sasa hivi ashuke." Simlaumu. Ni jibu ambalo ningelitoa mimi.

Nilirudi mpaka nusu ya njia. Kushoto ni ofisi yangu, kulia ni kibanda. Nilisimama hapo juani, na naandika kweli: nilijua vizuri nitakachokivunja. Nikaenda ofisini, nikatoa fomu yake, sehemu ya mtu wa kuarifiwa, nikapiga simu.

"Fathiya? Mimi Zehra wa Mawimbi. Baba yako ana presha, miaka mitatu sasa, hakutaka mjue. Hivi sasa yuko katika hali mbaya. Njoo na mumeo, njoo na gari."

Kisha nikaenda kibandani na kufunga mlango mbele ya foleni. Watu walilalamika. Nikafungua vifungo vya koti mmoja mmoja. Ukiacha siku ile ya chumba cha mavazi, nilikuwa sijapata kumgusa mwanamme yeyote tangu nilipomfunga Shabbir kidevu kwa kitambaa.

"Unafanya nini?" akasema. Ulimi ulikuwa mzito.

"Nimemwita Fathiya."

Alifunga macho. "Ulinipa neno, Zehra." Alikuwa hajapata kuniita jina.

"Nilikupa."

"Na Machano?"

"Anakuja."

Akaanza kuomba. Mtu mzima, mwenye ndevu zile, aliniomba nipige simu tena niseme ni makosa. Aliomba mpaka maneno yakawa hayaeleweki, na mkono wa kushoto ukateleza kutoka kitini na kuning'inia. Nikaushika. Nikausikia, niseme hivyo tu. Nilikuwa nausikia uzito wake, na woga ukanipanda kutoka miguuni, woga mkubwa, nikapiga kelele watu waje.

Machano alimbeba mgongoni mpaka kwenye gari, suruali nyekundu na yote. Watoto kwenye foleni walipiga makofi. Walidhani ni mchezo.

Ijumaa, 26 Desemba

Presha ilipita mia mbili na ishirini. Daktari amesema ataishi. Mkono wa kushoto umepooza. Amesema kama angeletwa wiki moja nyuma, mkono nao ungekuwa salama. Amesema bila ya kunilaumu, hajui kama wiki moja nyuma nilikuwa nampepea kwa kifuniko cha boksi.

Nimeandika hapa ili iwe imeandikwa.

Jumatatu, 29 Desemba

Bwana Kurban amenifuata ofisini, hakuketi. Ameniambia lau angejua, asingempanga. Nimemwambia nilijua. Borafya amevaa koti. Foleni fupi.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya.

Jumapili, 4 Januari

Nimekwenda Jang'ombe baada ya Adhuhuri. Fathiya alinipokea mlangoni, akanishika mikono yote miwili. Mzee alikuwa kitandani, kofia yake ya mkono kichwani. Nikamwamkia. Aliugeuza uso ukutani.

Nikaketi kwenye mkeka. Machano akaingia na sahani ya uji, akapiga magoti pembeni ya kitanda, akamnyanyua kichwa, akamlisha kijiko kwa kijiko, na kila baada ya kijiko akimfuta ndevu kwa leso. Mzee alimeza macho yamefumbwa. Sahani ilipomalizika na Machano kutoka, akasema, bado anatazama ukuta:

"Umeona?"

"Nimeona, Mzee."

"Ungeninyamazia, ningekwenda zangu nikiwa mtu."

"Ningekunyamazia, ungekufa."

"Ndivyo nilivyosema."

Nilikaa mpaka alipolala. Machano alinisindikiza hadi barabarani. Akaniambia nisiyatie moyoni maneno ya baba. "Mie nimekua yatima, Bi Zehra. Hii miezi sita ananikimbia katika sahani, nikidhani hanipendi." Akasimama, akatafuta neno. "Mie nafurahi kumlisha. Sijui nitamwambia vipi."

"Mwambie hivyo hivyo," nikasema. "Mwambie leo."

Nilitembea kwa miguu mpaka Kiponda, na njia nzima nililisikia jua. Mama Gulshan alikuwa ameketi kwenye kochi lake karibu na dirisha, anachagua mchele. Nilibaki nimesimama na buibui langu. Nikamwambia nina jambo, na kwamba akishalisikia, akitaka nihame nitahama.

"Shabbir alikuwa anaumwa kifua tangu Machi, Mama. Mimi nilijua. Aliniambia nisikwambie, nikamsitiri. Lau ningekwambia, pengine yupo."

Aliendelea kuchagua. Alitoa kijiwe, akakiweka kwenye ukingo wa ungo. Akatoa kingine. Kisha mikono yake ikasimama.

"Februari," akasema.

"Mama?"

"Mie kanambia Februari. Hapa hapa kanipigia magoti. Akanambia, Mama, nisitiri kwa Zehra, yule ana woga, akijua hatolala." Alinitazama, na nikaona kwamba tangu Julai hajanitazama hata mara moja. "Kila asubuhi ukinimiminia chai ukanambia hajambo, mie nikisema alhamdulillahi, Zehra hajui."

Ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika wote sakafuni. Hakuna aliyeinama kuuokota. Nilikwenda nikaweka kichwa mapajani mwake, na nikalia, kwa sauti, majirani wasikie.